Beetle ya Moshi au Peugeot 504 ya Tanga: nichukue ipi, niifufue na kuifunga muziki?

Mtoto_wa_Ngamiani
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba ushauri, na ni wa haraka kidogo kwa sababu muuzaji mmoja kanipa hadi mwisho wa mwezi. Nimeona magari mawili ya zamani. La kwanza ni Volkswagen Beetle, lipo Moshi, lilikuwa la mwalimu mmoja, limesimama uani chini ya mwembe. La pili ni Peugeot 504 station wagon, lipo hapahapa Tanga, na linatembea. Nataka moja tu. Nilirudishe kama lilivyotoka kiwandani, halafu nilifunge muziki wa maana: redio, spika za milangoni, sabufa na amplifaya. Mnene lakini msafi. Nichukue lipi? Na kwenye redio, nikate dashibodi au kuna njia nyingine? Natanguliza shukrani.

Fundi_Umeme_Keko
Mkuu, bado hujatuambia kitu. Hiyo Beetle ni ya mwaka gani? Ni ya volti 6 au 12? Ina dainamo au alteneta, yaani mtambo wa kuchaji betri ni wa kizamani au wa kisasa? Peugeot ni ya petroli au dizeli? Una shilingi ngapi za kununulia, na umetenga ngapi za kutengenezea? Gari unataka la kwenda nalo kazini kila siku au la kutoka Jumapili? Kila jibu hapo linabadilisha ushauri. Na weka picha, hasa za sakafu chini ya siti ya nyuma. Picha za bampa linalong'aa hazisaidii.

Babu_wa_109
Achana na yote mawili, kijana. Tafuta Land Rover 109 Series III. Bodi ni aluminiamu, haliwi kutu kama hayo mengine, unaangalia chasisi tu. Spea zake Arusha unazipata hadi kwa wauza vyuma chakavu, na kila fundi wa miaka hamsini anaijua injini yake ya lita 2.25 kwa kuipapasa tu gizani. Dashibodi yake ni bati lililonyooka. Redio unaining'iniza chini yake kwa skrubu mbili, hukati chochote.

Fundi_Umeme_Keko
Babu, heshima yako, ila aliyekuja na swali hakuuliza Land Rover. Na sikiliza, 109 ukiwa spidi 80 humsikii hata aliyekaa pembeni yako. Muziki msafi utautoa wapi? Halafu akiangukia Series II za zamani zile ambazo chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, akifunga redio ya kisasa bila kujua, inaungua sekunde ileile anayogusisha waya. Nimeshaona zaidi ya moja mezani kwangu zikiwa na harufu hiyo.

Babu_wa_109
Nimesema Series III. Hizo zimetoka 1971 hadi 1985, hasi ipo kwenye bodi na alteneta inayo. Soma vizuri.

Bint_Mvita
Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu, chukua Peugeot na usifikirie mara mbili. Ninayo 504, nimeirithi kwa marehemu babangu, na hapa kwetu gari hizi zilikuwa zikiunganishwa papa hapa Mombasa, kwa hivyo mafundi wake hawajaisha. Injini yake ina laina za kutoa, yaani yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ikichoka huhitaji kupeleka bloku kutobolewa upya, unavuta laina za zamani, unaingiza mpya na pistoni zake, basi. Angalia kitu kimoja tu: kichwa cha injini ni aluminiamu na bloku ni chuma, hivyo ikichemka mara moja vibaya, kichwa hupinda na gasketi huenda. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi. Ukikuta mafuta yanaelea juu ya maji, punguza bei au ondoka.

Na kwa uimara, nenda kaulize mashindano ya magari ya Safari Rally. 504 ilishinda 1975 na 1978.

Kombi_na_Beetle
Safari Rally tukiianza hatutamaliza leo, dada. Beetle ilishinda kabla Peugeot haijajulikana huku: 1953, 1954, 1957 na 1962. Tena zilikuwa gari za kawaida, si hizi zilizojengwa kwa ajili ya mashindano. Hiyo 504 iliyoshinda 1978 ilikuwa kupe ya V6. Umeona kupe ya V6 ngapi zikibeba mikungu ya ndizi?

Bint_Mvita
Ya 1975 ilikuwa saluni. Na kabla yake 404 ilichukua 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 zilimaliza gari saba tu, na 1968 zikamaliza saba tena, na miaka yote miwili gari la kwanza lilikuwa Peugeot. Hilo halihitaji maelezo.

Spana_17
Jamani, mwenye uzi anasubiri. Arudi ajibu maswali ya Fundi kwanza.

Mtoto_wa_Ngamiani
Nimerudi, samahani, nilikuwa safarini bila mtandao. Bajeti yote ni milioni 11, kununua na kutengeneza pamoja na muziki. Beetle wanataka milioni 4 na nusu, Peugeot milioni 3 na laki 2. Peugeot ni petroli. Mwaka wa Beetle sijaujua vizuri, kadi imefifia, lakini mwenyeji alisema ni ya sitini na kitu. Ina dainamo. Volti sijui naziangaliaje. Nilipofika betri haikuwemo.

Kombi_na_Beetle
Kama betri haimo, angalia balbu. Chomoa ya taa ya nyuma usome kitakoni mwake, imeandikwa 6V au 12V. Angalia na koili, nayo huwa imeandikwa. Kwa anayekutana na gari lenye betri ya zamani ndani, kuna njia rahisi: hesabu vifuniko vya maji. Vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Beetle nyingi hadi katikati ya miaka ya 60 ni volti 6, na za bei nafuu ziliendelea nazo hata baadaye.

Ikiwa ni volti 6 usikate tamaa, inageuzwa. Ila jua kwamba unabadilisha dainamo na regyuleta yake, koili, balbu zote, mota ya waipa na rilei. Na kwenye stata kuna mtego: meno ya flaiwili (lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata) ya volti 6 ni 109, ya volti 12 ni 130. Mtu akikuuzia stata ya volti 12 bila kuuliza flaiwili, atakuwa amekuuzia chuma cha kuzuia mlango.

Fundi_Umeme_Keko
Sasa tuzungumze umeme, maana muziki unaanzia huko na watu wanaukimbilia mwishoni.

Dainamo ya Beetle ya volti 12 inatoa kama ampea 30, na hizo ni injini ikiwa imechangamka. Zidisha kwa 12, ni wati 360. Toa taa kubwa, toa taa za nyuma, koili na waipa ikinyesha, unabakiwa na kidogo sana. Ukiwa kwenye foleni, injini inasaga polepole, dainamo haitoi kitu cha maana. Ndiyo maana taa nyekundu ya chaji inapepesapepesa kwenye mataa. Wakati huo muziki wote unakula betri. Ukifika nyumbani usiku wa tatu hivi gari haliwaki, na lawama zinaenda kwa betri.

Kwa hiyo Beetle yoyote inayofungwa amplifaya kwangu, kwanza inatoka dainamo inaingia alteneta. Zipo zinazokaa palepale pa dainamo, ampea 55 na kuendelea.

Halafu amplifaya. Boksi limeandikwa wati 2000 na picha ya moto. Wewe usisome boksi, soma fyuzi. Ukikuta fyuzi mbili za ampea 20, jumla ni 40. Mara volti 14 ni wati 560 zinazoingia. Kama ni klasi AB, karibu nusu inageuka sauti na nusu inageuka joto, unapata wati 280 hivi za kweli. Za klasi D zinapoteza kidogo, kwa fyuzi hizohizo unaweza kupata zaidi ya 400. Kwa kibanda kidogo kama cha Beetle, wati 280 za kweli zinakutosha na jirani yako anapata zake.

Waya usibane pesa. Upo unaouzwa kama shaba lakini ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe, mrudishie mwenye duka. Kutoka betri hadi amplifaya weka fyuzi, na ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi ile hailindi amplifaya, inalinda waya usije ukawa jiko. Waya mnene wa umeme upite upande mmoja wa gari, waya za RCA, zile zinazobeba sauti kutoka redio, zipite upande wa pili. Ukizilaza pamoja utasikia mluzi unaopanda na kushuka kwa mguu wako wa mafuta. Na arthi, yaani waya wa hasi, ifungwe kwenye bati lililosuguliwa rangi hadi ling'ae. Mafundi wengi wanaifunga juu ya rangi, halafu wanashangaa.

Mtoto_wa_Ngamiani
Ahsante sana Fundi, hili darasa. Kwa Peugeot je?

Fundi_Umeme_Keko
504 zote nilizofungua zina alteneta tayari. Hapo umepunguza gharama. Ila ni ya zamani, iangaliwe brashi na dayodi kabla hujaitwisha mzigo.

Mzee_wa_Usa
Nimesoma kimya, sasa nina la kusema, kwa sababu Fundi ametaja fyuzi na watu wataipita hiyo sentensi.

Wengi humu hawajui kwamba betri ya Beetle ipo chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia. Siti yenyewe ndani ni springi za chuma, na juu yake ni matandiko ya nyuzinyuzi kama za makumbi ya nazi, vitu vikavu. Kiwandani waliweka kifuniko juu ya betri ili springi zisiguse vichwa vyake.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na Beetle nyeupe, nzuri, rangi imepigwa na fundi anayejua. Akaipeleka mjini kwa fundi muziki. Yule fundi akasema betri iliyokuwemo ni ndogo, akaweka kubwa zaidi ili ibebe sabufa. Kubwa maana yake ndefu kwenda juu. Kifuniko hakikutosha tena, akakitoa. Waya wa amplifaya akaubana moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya, bila fyuzi, akaupitisha chini ya zulia hadi kwenye lile shimo la mizigo nyuma ya siti. Akawasha, muziki ukapiga, kaka akalipa.

Gari likatembea vizuri muda tu, kwa sababu nyuma hakuna aliyekuwa anakaa. Siku tuliyotoka mazishini tulijaa. Nyuma walikaa watu wazima watatu, shangazi yangu upande wa kulia. Kila shimo tukilipita siti inabonyea. Tulipofika karibu na daraja, shangazi akasema anasikia joto. Tukadhani ni injini, maana ipo nyuma. Halafu ukaja moshi wa kahawia wenye harufu ya nywele zinazoungua, unatoka kwenye mshono wa siti. Beetle ina milango miwili. Ili wa nyuma watoke, wa mbele wanatoka kwanza na siti zinakunjwa. Fikirieni hapo.

Walitoka wote, Mungu mkubwa. Dada yangu aliungua kiganja kwa kuivuta siti nje. Tulipoitupa chini ilikuwa inawaka kwa ndani, tukaizima kwa mchanga, maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya chupa. Springi mbili zilikuwa zimeyeyuka ncha zikawa kama vichwa vya pini. Ule waya wa amplifaya ulikuwa umeungua ganda lote hadi shimoni, na zulia limekwenda nao. Fundi alipofuatwa alisema umeme wa Beetle ndivyo ulivyo, na hakurudisha hata mia. Kaka hakuifufua tena gari ile.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukichukua Beetle: betri ya kimo sahihi, ifungwe kwa mkanda wake isicheze, ifunikwe kwa kifuniko au mpira mnene, na fyuzi pale pale. Ndipo uulize habari za redio.

Bint_Mvita
Pole sana mzee, na pole kwa dada. Hii inafaa iwekwe juu kabisa isomwe na kila mtu.

Kombi_na_Beetle
Pole mzee. Ni kweli tupu, na wenye Beetle tunaijua hatari hiyo. Lakini naomba tusiseme gari ni baya. Kifuniko kilikuwepo, kikatolewa. Mimi kila ninayeona anauza Beetle namwambia ainue siti kabla ya kitu kingine. Hapo unaona mambo mawili kwa mpigo: hali ya betri na hali ya sakafu. Tindikali ya betri inadondoka hapo miaka yote, kwa hiyo kona hiyo ndiyo inayooza ya kwanza. Chukua bisibisi, gonga. Ikizama, bajeti yako ya spika imeshahamia kwa mchomeleaji.

Halafu njoo kwenye yale mabomba ya bati chini ya milango, yanayopeleka hewa ya moto mbele. Hayo ndiyo yanayoshika bodi. Yakiwa yameoza na fundi akayafunika kwa bati juu na fila (ule uji mzito wa kuziba mashimo ya bodi), mlango utaanza kugoma kufunga ukipandisha gari jeki. Jaribu hilo ukiwa hapohapo Moshi: inua upande mmoja kwa jeki, fungua na funga mlango.

Spana_17
Na Peugeot ya Tanga iangaliwe hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu upepo wa bahari hauchagui. Beba sumaku ndogo, izungushie kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango, juu ya magurudumu, na pale springi za mbele zinaposhika bodi chini ya boneti. Ikigoma kushika, hapo hakuna bati, kuna fila. Wenzetu Tanga wana mafundi wa fila hodari mno.

Sasa swali la redio, maana hakuna aliyelijibu. Redio ya kisasa inataka tundu la milimita 182 kwa 53. Redio za zamani hazikuwa hivyo, zilikuwa na tundu la kioo katikati na vifundo viwili pembeni. Ukikata dashibodi ya bati ya Beetle umeiua thamani yake, na hairudi. Njia ziko kadhaa. Unaweza kuiacha redio ya zamani mahali pake kama sura tu, ukaficha chini ya dashibodi au ndani ya kisanduku cha glavu amplifaya ndogo yenye Bluetooth, simu ndiyo inakuwa redio. Unaweza kuwapa mafundi wa elektroniki ile ya zamani, watoe matumbo, waweke bodi mpya, vifundo vilevile viendelee kuongeza sauti. Au unanunua zile zinazotengenezwa sasa kwa umbo la kale, vifundo viwili, ndani ni USB na Bluetooth. Zinaagizwa nje na bei yake si ya mchezo.

Dizeli_Mbichi
Mimi sioni tatizo la kukata. Gari ni lako. Watu mmefanya magari ya zamani kama msikiti. Mimi nimekata dashibodi ya Corolla DX yangu nikaweka skrini ya inchi 7, napata kamera ya nyuma na ramani, na gari linatembea kila siku. Hao wenye "orijino" magari yao yamefunikwa turubai.

Spana_17
Corolla DX zilikuwa nyingi, dashibodi ni plastiki, ukiharibu unapata nyingine. Aliyeleta uzi kasema "kama lilivyotoka kiwandani". Kiwandani hakukuwa na skrini.

Na kwa Beetle kuna la hatari zaidi. Tangi la mafuta lipo mbele, chini ya boneti, mbele tu ya dashibodi. Mtu anawasha grenda kukata dashibodi na cheche zinaruka upande huohuo. Tangi litolewe kwanza, lipelekwe mbali, mipira ya mafuta izibwe. Usimruhusu fundi akuambie ni kazi ya dakika tano.

Dizeli_Mbichi
Hapo kwenye tangi nakuunga mkono. Kwingine nabaki na langu.

Mtoto_wa_Ngamiani
Wakuu nawashukuru. Niseme jambo ambalo pengine ningelisema mwanzo: gari nataka la kukodisha kwenye harusi. Huku Tanga na Korogwe watu wanatafuta magari ya kale kwa bwana na bibi harusi, na yaliyopo ni machache. Ndiyo maana nataka lipendeze na muziki uwe wa nguvu.

Fundi_Umeme_Keko
Sasa mkuu! Hilo ndilo swali lenyewe. Tumeongea siku mbili bila kujua gari linakwenda kufanya nini.

Bint_Mvita
Basi limekwisha. Peugeot ina milango minne, nyuma pana, na ikiwa wagon gurudumu hadi gurudumu ni milimita 2900. Bibi harusi anaingia na gauni lake, au buibui lake na marembo yake yote, anakaa mgongo ukiwa wima, na mpambe wake pembeni. Beetle bibi harusi aingie wapi? Akunjiwe siti ya mbele, ajibane, gauni lishikwe na watu wanne? Na joto la Tanga la saa nane mchana?

Kombi_na_Beetle
Bibi harusi anakaa mbele, dada. Picha za harusi za Beetle ni nzuri kuliko za gari lolote, riboni kwenye boneti ile ya mviringo, kila mtu anageuka. Station wagon kwa Tanzania watu wanaikumbuka kwa kubeba abiria na wagonjwa. Wazee wengine wataikumbuka kwa kubeba majeneza. Sisemi vibaya, nasema wateja wanavyofikiri.

Bint_Mvita
Na huku ndivyo zilivyokuwa, Nairobi na Nakuru zilibeba abiria miaka mingi, na hakuna anayeziona vibaya. Mzee yeyote akiiona anataka kuigusa. Ikipigwa rangi nyeupe ya maziwa, siti za ngozi, taji la maua juu, hakuna atakayekumbuka jeneza.

Mama_Mpambaji
Ninapamba magari ya harusi Dar, naomba niseme la kazini. Wateja wangu Beetle wanaitaka kwa picha, lakini safari yenyewe wanapanda gari jingine. Kwa hiyo Beetle inakodiwa saa chache na hulipwi siku nzima. La pili, kuhusu muziki: mbele ya msafara kuna pikapu la matarumbeta. Wale wakianza kupuliza na ngoma zao, sabufa yako haitasikika hata kwa dereva. Sijawahi kusikia bwana harusi akiulizia sabufa. Wanachouliza ni kiyoyozi, na kama gari halitazimika njiani mbele ya wakwe.

Spana_17
Mama amesema kweli tupu. Mkuu, zile pesa za sabufa peleka kwenye rejeta, pampu ya maji, mipira ya maji na breki. Msafara wa harusi unatembea spidi 20 kwa saa nzima, injini ya Peugeot kwenye mwendo huo na jua hilo itachemka kama rejeta imeziba.

Kombi_na_Beetle
Beetle haina rejeta. Naacha tu hapa.

Spana_17
Ina feni na mkanda, na mkanda ukikatika feni na chaji vinaondoka pamoja. Abebe wa akiba.

Fundi_Umeme_Keko
Nakubali matarumbeta yatashinda barabarani. Lakini kuna muda wa kutoka msikitini au kanisani kwenda kupiga picha, milango imefungwa, watu wawili wamechoka. Hapo wanataka taarabu au zilipendwa kwa sauti ya kuongelea. Muziki wa hapo hautaki nguvu, unataka usafi. Spika mbili nzuri mbele, twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zilizoelekezwa vizuri, amplifaya ndogo ya chaneli nne, na spika mbili za nyuma zipunguzwe. Sabufa ya inchi 8 chini ya siti inatosha kujaza chini. Isipokuwepo kabisa utaikosa, besi ya spika za mlangoni za gari bovu ni kelele za mlango wenyewe.

Spana_17
Ndiyo maana mlango unabandikwa zile karatasi za lami ndani. Ila kwenye gari la zamani usibandike sakafuni kabla kutu haijaisha kabisa na rangi ya kuzuia kutu kupakwa. Unyevu ukinaswa chini yake, sakafu inaoza huku juu inang'aa.

Karani_Mstaafu
Vijana, kuna jambo moja naliona limepitwa. Umesema Beetle "lilikuwa" la mwalimu. Mwalimu yupo hai?

Mtoto_wa_Ngamiani
Alifariki miaka mingi iliyopita, mzee wangu. Anayeuza ni mtoto wake wa tatu.

Karani_Mstaafu
Basi simama hapo. Kadi ina jina la marehemu. Mtoto wa tatu hana mamlaka ya kuuza hata kioo cha pembeni mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muulize barua ya usimamizi. Kama haipo, familia ikae kikao, wapendekeze msimamizi, waende Mahakama ya Mwanzo, tangazo litoke, watu wapewe muda wa kupinga, ndipo ateuliwe. Msimamizi ndiye atakayesaini mauzo na ndiye utakayekwenda naye TRA kubadilisha umiliki. Ukilipa leo kwa kuamini mtu mmoja, utalitengeneza gari hadi ling'ae, halafu dada yake atokee Mwanza aseme gari la baba haliuzwi. Sheria itakuwa upande wake, na milioni zako za rangi hakuna atakayekurudishia.

Na Peugeot nayo, uliza kadi iko kwa jina la nani. Usiulize muuzaji kwa mdomo, ishike kadi, soma namba ya chasisi na ya injini, kisha zitafute kwenye gari lenyewe.

Mzee_wa_Usa
Mzee Karani kasema neno la msingi. Kwetu Kilimanjaro gari la baba lililosimama uani ni kama kihamba, shamba la ukoo, kila mtoto analihesabu lake hata kama hajalifuta vumbi.

Mtoto_wa_Ngamiani
Barua ya usimamizi sikuiona na sikuuliza. Nitampigia leo. Kadi ya Peugeot ipo kwa jina la kampuni ambayo sijui kama bado ipo.

Karani_Mstaafu
Hilo nalo lina kazi yake. Kampuni ikiwa imefungwa, unatafuta aliyekuwa mfilisi. Kabla hujalipa senti, nenda ofisi ya TRA na namba ya usajili, uliza kumbukumbu zinasemaje na kama kuna deni.

Babu_wa_109
109 ya jirani yangu Njiro kadi ni ya mwenyewe, na mwenyewe yupo hai, anakunywa chai.

Mama_Mpambaji
Babu, bibi harusi apandeje 109?

Babu_wa_109
Kwa ngazi ndogo, kama alivyopandishwa mama yenu. Kuna watu wa utalii Arusha wanaoana mbugani na wanaitaka hiyohiyo.

Bint_Mvita
Mtoto_wa_Ngamiani, ukienda kuiona tena Peugeot Jumamosi, ipige picha ubavuni chini ya milango na chini ya boneti, na utuambie ina redio ya zamani au tayari imekatwa. Na mpira wa milango ukoje? Wangu umekauka, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kwenye spika, na hapa Mombasa wananiuzia wa pikapu ambao haukai kwenye kona. Kuna anayejua wa wagon unapatikana wapi, Dar au Nairobi?

Spana_17
Kariakoo upo wa mita, wa kukata, unaofanana. Ila kabla hujaununua pima unene wa bati la ukingo wa mlango wako, kuna wa milimita 2 na wa 3. Nitapita Jumatatu niulize bei.